Uzinduzi wa Njia Salama ya Kidurango

Itifaki yote imezingatiwa, kwa hiyo sitawataja wakubwa mmoja mmoja, tutakesha hapa. Naanza na jambo ambalo wageni wengi hawalielewi kuhusu nchi yetu. Jamhuri ya Shwari haina vita. Tafadhali sana. Vita viko kwa majirani, huko kwa watu wasioelewana. Sisi tuna Hali. Hali iliingia mwaka ule wa mvua nyingi, ikachoma maghala, ikaezua shule, na tangu hapo watu wakawa hawauawi, wanafariki kutokana na Hali. Rais wetu alikwenda hadi ng'ambo kupokea tuzo ya nchi isiyo na vita, na siku aliyoipokea sisi tuliisikiliza hotuba yake tukiwa chini ya vitanda.

Wanaotupiga kutoka bondeni hawaitwi waasi. Serikali yetu ina huruma, imewapa jina la Ndugu Waliokasirika. Wanaotupiga kutoka kilimani ni jeshi letu wenyewe, ambalo kwa kweli halitupigi sisi, linawapiga Ndugu Waliokasirika, sema sisi wa mji wa Kidurango tumejenga katikati. Hilo ni kosa la mababu. Walijenga mji bila kuuliza risasi zitapita wapi.

Jambo la pili, na hili mlishike. Kwetu kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Kisima cha sokoni kilipochimbwa, maji yalitoka matamu siku hiyohiyo, akawekwa askari wa kuyalinda, na sisi tukaendelea kuchota dimbwini pamoja na ng'ombe mpaka alipopatikana mgeni rasmi. Wodi ya wazazi ya zahanati yetu ilikamilika kabla ya Hali. Vitanda vimo, bado vina nailoni zake, taa kubwa ya upasuaji imo, na mlangoni umefungwa utepe. Mgeni rasmi aliyepangwa aliugua, akafukuzwa kazi, akafariki, na aliyemrithi akasema yeye hazindui kiporo cha mtu. Kwa hiyo wanawake wetu wanajifungulia nyumbani, na anayeshindwa hupelekwa hospitali ya Lukumbi. Yaani alikuwa anapelekwa, kabla Hali haijakaa barabarani.

Mimi ni Shomvi, mshereheshaji. Kama umewahi kusikia mtu akiita "Bibi harusi hoyee!" mpaka kuku wakaruka uzio, basi unanijua. Harusi yangu ya mwisho kabla mambo hayajaharibika ilikuwa ya Zawena, binti wa Bi Nyanzala muuza vitumbua. Bibi harusi kwetu anatakiwa ainamishe macho, aone haya. Zawena alivicheka vichekesho vyangu mpaka mtandio ukamdondoka, shangazi zake wakamfinya, akazidi kucheka. Nilimpenda kama mdogo wangu tangu siku ile. Mumewe, Machumu, alichukuliwa na Hali akiwa shambani, hajaambiwa bado kwamba mkewe ana mimba.

*

Basi bwana, palitokea mtu anaitwa Rutengwe, wa shirika la misaada, wale wenye fulana nyeupe na gari jeupe. Nilimwuliza kazi yake nini, akasema kulinda raia. Nikamwuliza, una bunduki? Hana. Una nini sasa? Akasema ana miguu na birika.

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Asubuhi alipanda kilimani, akakaa na Kapteni wa jeshi, wakanywa chai. Jioni alishuka bondeni, akakaa na Kamanda wa Ndugu Waliokasirika, wakanywa chai. Hakumwambia yeyote kwamba ana makosa. Aliwauliza habari za mama zao, za shule walizosoma, za ng'ombe waliowaacha nyumbani. Miezi ikapita hivyo, yeye akikonda, kiungulia kikimsumbua, na mara mbili risasi zikimkosakosa akiwa amebeba sukari. Watu wa Kidurango tulimwona kichaa mpole. Mpaka siku alipokuja sokoni mbio, mtu mzima yule, akatuambia wamekubali.

Siku ya Alhamisi, kuanzia alfajiri mpaka saa tisa alasiri, bunduki zitalala. Mabomu yaliyofukiwa kwenye barabara ya Lukumbi yatateguliwa, ya barabarani tu, siyo ya kando. Wagonjwa, wazee, akina mama na watoto wao watapita. Ikifika saa tisa, kila mmoja atarudi kwenye hasira zake.

Jamani, tulilia. Hatukuwa na nguvu ya kushangilia, tulilia tu pale kwenye meza za nyanya, na wengine wakaenda moja kwa moja kufunga virago.

Lakini Rutengwe ana kasoro moja, amelelewa vizuri. Mama yake alimfundisha kwamba hukatizi uani kwa mtu bila kupiga hodi. Kwa hiyo alifunga safari mpaka makao makuu, Wizara ya Ulinzi wa Raia na Sherehe za Kitaifa, akapiga hodi. Hakuomba kitu. Aliwaambia tu kwa adabu kwamba Alhamisi kuna watu watapita. Wizara ilifurahi mno. Wakamkalisha kwenye kochi, wakamfungulia soda, wakamwuliza swali moja tu: mgeni rasmi ni nani?

"Hakuna mgeni rasmi," akasema Rutengwe. "Ni watu wanapita tu, wakubwa zangu."

Walicheka, akanihadithia, mpaka mmoja akapaliwa na soda.

*

Alhamisi alfajiri Kidurango kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia jogoo. Nilikuwa nimesahau kama bado tuna jogoo. Tulijipanga na mabunda yetu mahali barabara inapoutoka mji. Gari jeupe la Rutengwe likakaa mbele kabisa, na ndani yake, juu ya machela, alilala Zawena.

Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Mkunga alimpapasa, akamvuta Bi Nyanzala pembeni, akamwambia mtoto amelala kingamo, hawezi kutoka kwa njia yake. Apasuliwe, tena leo, la sivyo mama na mtoto wanakwenda pamoja. Rutengwe alikwishawasiliana na Lukumbi kwa redio ya gari. Daktari akasema mleteni, namngoja mlangoni.

Tukasikia ngurumo, wote tukalala chini kwa mazoea. Haikuwa bomu. Yalikuwa malori, yanatoka huko Lukumbi tunakotaka kwenda, yanakuja kwetu. Yamebeba mahema, viti, nguo za kuvisha viti, maua ya plastiki, jenereta na spika kubwa mbili. Yalipita barabara yote bila kikwazo, askari wa kilimani wakayapungia mikono, Ndugu wa bondeni nao wakayapungia. Akashuka Bwana Lusingu, afisa itifaki wa wizara, ndani ya suti nyeusi na jasho. Akachomoa utepe mwekundu mfukoni, akaufunga kutoka nguzo hadi nguzo, ukakatiza barabara mbele ya pua ya lile gari jeupe. Akarudi nyuma hatua kidogo kuuangalia, akaulegeza upande mmoja ukae sawa.

Rutengwe akateremka. "Shikamoo, Bwana Lusingu. Humu nina mzazi, mtoto amekaa vibaya. Anatakiwa apasuliwe sasa hivi. Naomba uinue utepe tupite."

"Marahaba. Pole sana," akasema Bwana Lusingu, na nafikiri pole ile ilitoka moyoni. "Atapita. Wote watapita, ndiyo maana ya uzinduzi."

"Naongelea sasa hivi, mzee."

"Sasa hivi barabara haijazinduliwa. Mheshimiwa Waziri akija akute imeshatumika, atazindua nini? Unataka tumdhalilishe?"

"Basi nipite pembeni."

"Pembeni kuna mabomu! Ndugu yangu, unataka kuua raia? Sisi hapa tunalinda raia."

Bi Nyanzala alikuwa ameshuka naye, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. "Baba," alimwita hivyo ingawa angeweza kumzaa, "hayo malori ya viti yamepita wapi?"

"Si hapo barabarani, mama."

"Kwa hiyo viti vimepita."

"Hayo ni maandalizi, mama yangu. Maandalizi siyo matumizi."

"Na mwanangu hawezi kuwa maandalizi?"

Bwana Lusingu alicheka kidogo, kwa heshima, akasema hilo ni swali zuri na atalifikisha.

Hapo Rutengwe, mtu wa adabu zake, aliushika utepe kwa mikono miwili, akauinua juu ya kichwa, akamwambia dereva, "Pita!" Dereva hakupata hata kuingiza gia. Askari wa itifaki walimdaka Rutengwe kwapani, wakambeba, na kwa kuwa haifai kumkamata mdau siku ya sherehe, wakamkalisha meza kuu. Wakambandika ua kifuani. Askari mmoja akasimama nyuma ya kiti chake, mwingine akamwekea chupa ya maji mbele na kuifungua kizibo.

Mimi nikapewa kipaza sauti. "Wewe ndiye Shomvi?" akaniuliza Bwana Lusingu. "Changamsha watu."

*

Nilichangamsha. Ndugu zangu, ndiyo kazi niijuayo. Mheshimiwa yuko njiani, nikatangaza, na watoto wa shule wakaimba. Mheshimiwa amesimama kusalimia wananchi, nikatangaza, na akina mama wakacheza ngoma na mabunda yao mgongoni. Mheshimiwa anapata kifungua kinywa kwa mkuu wa mkoa. Mheshimiwa anasaini kitabu cha wageni. Tukagawiwa fulana zenye sura yake, ukubwa ukiwa mmoja tu kwa wote, watoto wachanga wakafunikwa na uso wa waziri mpaka miguuni. Sisi hatukuitwa tena watu wa Kidurango. Kwenye ratiba tuliandikwa "wanufaika".

Spika za wizara zilikuwa nzito kweli. Kila nilichosema kilipanda kilimani na kushuka bondeni. Niliwaona askari wa pande zote mbili wametoka kwenye mahandaki yao, wamekaa juani, wanatikisa vichwa kufuata ngoma. Mmoja wa Ndugu Waliokasirika alivuka akaomba kiberiti kwa askari wa jeshi, wakavuta sigara pamoja, wakaagana. Kutoka pale niliposimama sikuweza kujua yupi ni yupi.

Jua likapanda. Bi Nyanzala akanijia, akanishika mkono usio na kipaza.

"Shomvi mwanangu. Harusi yake umeisimamia wewe."

"Naam, mama."

"Mimi nikisema hawanisikii. Wewe una hicho kidude. Sema."

Nikasema. Nilikatisha kwaya katikati ya ubeti, nikasema kwa sauti isiyo na mbwembwe kwamba ndani ya lile gari kuna Zawena, binti yetu, uchungu umemshinda, mtoto amelala kingamo, daktari anamngoja Lukumbi, na tunaomba, tunaomba sana, aruhusiwe apite. Kilimani na bondeni, wote waliokuwa wakitikisa vichwa wakaacha.

Bwana Lusingu alikuja mbio. Nilidhani atanipokonya kipaza. Alinikumbatia! "Kwa nini hukuniambia mapema kwamba ni hadithi nzuri hivi?" Alikuwa na machozi kabisa. Akaamua palepale kwamba Zawena ndiye atakayekuwa mnufaika wa kwanza. Mheshimiwa akishakata utepe atamkabidhi kanga, picha itapigwa, halafu apite mbele ya wote. Na ili picha itoke vizuri, mgonjwa ateremshwe garini awekwe mbele, mahali penye mwanga.

Bi Nyanzala alikataa. Rutengwe alipiga kelele kutoka meza kuu, akaombwa ainue mkono kwanza kama ana hoja. Askari wakamteremsha Zawena na machela yake, taratibu, kwa uangalifu wa watu waliofundishwa, wakamweka juu ya jamvi mbele ya utepe. Kivuli cha hema la wageni kiliishia kwenye viatu vya wageni. Mama yake akavua kanga ya kichwani, akaitandaza juu kwa mikono miwili kumkinga jua, na akasimama hivyo.

Nilikwenda nikachuchumaa. Uso ulikuwa umekauka, midomo imepasuka. Akanitazama.

"Kaka Shomvi. Leo vichekesho vyako vibovu."

"Najua, mdogo wangu."

"Hata kimoja." Akavuta pumzi, ukapita uchungu mwingine, akaushika mguu wa suruali yangu mpaka ukaisha. "Mwambie mama aketi. Mikono itamuuma."

Nilimwambia. Hakuketi.

*

Saa nane ilikuwa imepita ndipo msafara ukatokea. Gari nyuma ya gari, ving'ora, bendera, vumbi limetanda barabara nzima. Nikainua kipaza, nikasema kama nilivyoelekezwa, "Dokta amefika! Dokta yuko nasi!"

Bi Nyanzala akapayuka, "Alhamdulillah! Zawena, daktari amekuja mwenyewe!"

Sikujua niufiche wapi uso wangu. Mheshimiwa Dokta Kirungwana ni dokta wa heshima, alipewa udokta na chuo alichokizindua yeye. Aliteremka, akapunga, akapita mbele ya jamvi akasema "Hongereni sana," akaketi. Mama wa watu akamsindikiza kwa macho mpaka alipoketi, akingojea afungue mkoba wa dawa.

Ratiba ilikuwa imebaki na utambulisho wa meza kuu, risala ya wanufaika, shairi na zawadi. Nilivifuta vyote kwa kujifanya nimechanganya karatasi. Nikamwita mgeni rasmi moja kwa moja, na Bwana Lusingu akanitolea macho. Nilifikiri nimeokoa muda. Mheshimiwa alipoona ratiba imewahi, alisema kwa kuwa muda upo atazungumza kwa kirefu.

"Ndugu wananchi! Wako watu, mabeberu na vibaraka wao, wanasema raia wa nchi hii hawalindwi. Nimepita barabara hii leo kwa gari langu. Sijaona bomu. Sijasikia risasi. Nikajiuliza, hizo risasi zenu ziko wapi?" Wizara ikapiga makofi. "Nilikuwa nimeketi na kahawa yangu nyumbani, nikasema, hapana, wananchi wangu wanataka kupita. Nani atawafungulia? Ni mimi! Serikali yenu sikivu imewaletea usalama mpaka mlangoni. Na usalama huu, ndugu zangu, msiutumie vibaya. Msiutumie wote kwa siku moja!"

"Mheshimiwa!" Ilikuwa sauti ya Bi Nyanzala, kavu, bila kipaza. "Mwanangu anakufa!"

"Asante, mama. Asante. Shukrani zako tumezipokea." Akatoa kitambaa akajifuta uso. "Mnaona? Huyu mama hata hakuandaliwa. Namwona na binti yake pale, amejipumzisha. Mtoto atakayezaliwa leo, kwa idhini yenu, naomba aitwe Usalama."

Makofi. Na mimi nilipiga, kipaza kikiwa kwapani. Mikono ilipiga yenyewe, imezoea.

Redio ya gari jeupe ilikuwa ikikwaruza, dereva akaja kuinama sikioni kwa Rutengwe, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu nikasikia. Kapteni alikuwa anauliza kutoka kilimani, yule mzazi ameshapita? Mbona hatujamwona? Muda kidogo dereva akarudi tena. Safari hii alikuwa Kamanda wa bondeni, na swali lake lilikuwa hilohilo. Rutengwe alifunika uso kwa viganja, ua la plastiki likadondoka kwenye maji yake.

Utepe ulikatwa. Mkasi uliletwa juu ya sinia, juu ya mto wa hariri, ukawa butu, ukatafutwa mwingine, utepe ukakatwa mara ya pili kwa ajili ya kamera. Nikapaza sauti upesi, "Na sasa mnufaika wetu wa kwanza..." lakini Bwana Lusingu akanibana mkono. Kitu kikishazinduliwa, akaninong'oneza, wa kwanza kukitumia ni aliyekizindua. Kwa hiyo Mheshimiwa akapanda gari lake, na msafara wote ukageuza palepale mbele ya jamvi, gari moja moja, ukaondoka kwa mwendo wa heshima. Zile kanga za zawadi zilikuwa zimesahaulika kwenye buti la gari mojawapo. Gari la wagonjwa haliruhusiwi kufuata msafara kwa karibu, likaambiwa lingoje vumbi litulie.

Vumbi lilitulia. Nikainua kipaza.

"Sasa," nikasema, "tunamkaribisha Zawena, binti wa..."

Nikageuka kumtazama. Bi Nyanzala alikuwa ameketi chini. Mikono ile aliyoisimamisha juu tangu asubuhi alikuwa ameishusha, na kanga aliyokuwa akiikingia jua alikuwa akimfunika nayo mwanawe. Akaanzia miguuni, akapita juu ya tumbo lile lililokuwa bado kubwa, akapunguza mwendo shingoni. Halafu akamfunika na uso.

Kipaza kikaniponyoka, kikaanguka kwenye jamvi karibu na yule mama, na hakuna aliyekumbuka kukizima. Bi Nyanzala hakupiga yowe. Alizungumza naye tu, polepole, kama anamwamsha aende shule.

"Zawena. Zawena mama. Inuka twende, wameshafungua. Inuka basi, mama, njia hii hapa."

Spika zikachukua sauti ile zikaipeleka kilimani, zikaipeleka na bondeni.

*

Saa tisa ilifika. Tulijua imefika kwa sababu dereva aliangalia saa yake akatambaa uvunguni mwa gari, na watu wakajitupa chini juu ya mabunda yao, wamewakumbatia watoto. Tukangoja mlio wa kwanza. Haukuja. Tukangoja tena. Redio ikakwaruza, Kapteni akasema tumesikia, tumesikia, nendeni. Hajamaliza, akaingia Kamanda, akasema pitisheni watu wenu wote, huku kwetu hakuna mtu atakayegusa kitu. Nilimsikia analia, kamanda mzima, na nyuma yake kuna wengine.

Kesho yake redio ya taifa ilitangaza kwamba bunduki za Kidurango zilinyamaza kupita muda uliopangwa kutokana na uzito wa hotuba ya Mheshimiwa. Bwana Lusingu akapandishwa cheo. Ninavyosikia, wizara sasa inataka kila mji upate njia salama yake na uzinduzi wake, na mimi nimependekezwa kuwa mshereheshaji wa kitaifa.

Ila wakati ule hatukuwa na habari ya hotuba. Rutengwe alikuja akapiga magoti mbele ya Bi Nyanzala. Akasema: "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekwenda kupiga hodi."

Bi Nyanzala alimwangalia kwa macho makavu. "Inuka, baba. Shika upande wa kichwa."

"Tumrudishe nyumbani, mama? Tumwoshe, tumpumzishe?"

"Mimi nilisema nampeleka hospitali," akasema Bi Nyanzala. "Nampeleka hospitali."

Hakuna aliyembishia. Hakutaka aingizwe garini tena, kwa hiyo tulimbeba. Rutengwe na dereva mbele, mimi na mkunga nyuma, mama yake ubavuni ameishika kanga isipeperuke. Nyuma yetu Kidurango yote ikafuata, wagonjwa kwenye mikokoteni, wazee, watoto ndani ya zile fulana. Kwenye kizuizi cha jeshi askari walikuwa wamevua kofia, na mmoja akaja kunipokea machela, nikamwachia. Mbele, kwenye kizuizi cha Ndugu Waliokasirika, kijana akaweka bunduki yake chini akampokea mkunga. Wakaenda hivyo, bega kwa bega, vitoto vya watu, hawatazamani. Bi Nyanzala hakuwauliza wanatoka upande gani. Aliwaambia tu wasimtikise.

Tulifika Lukumbi giza halijaingia. Daktari alikuwa mlangoni, yule aliyesema atamngoja. Alikuwa na gauni la upasuaji, ametoa mikono mbele bila kugusa kitu kama wafanyavyo wanapokwisha kunawa, na nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa wazi, taa inawaka, kitanda kimetandikwa. Nesi akaniambia baadaye kwamba tangu asubuhi alikuwa akinawa, anangoja, anachoka, ananawa tena.

Aliona kanga imefunika uso. Aliona. Akamtazama Bi Nyanzala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, tumechelewa," akasema Bi Nyanzala. "Barabara ilikuwa na wageni."

Daktari akasogea pembeni ya mlango. "Mwingizeni ndani," akatuambia. "Kitanda chake hiki hapa."